Mkeka Mkavu wa Mwanapili

Kiuyu nzima ilijua: mtoto akikojoa kitandani, dawa yake Bi Masika. Si hospitali, si mganga, si mwalimu wa chuoni na kombe lake la aya. Bi Masika. Wanawake walimletea watoto wao kutoka vijiji vya mbali, huyu na kuku mkononi, yule na kibaba cha mchele, na mtoto mwenyewe nyuma, kainamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Na Bi Masika hakuwahi kumrejesha mtoto wa mtu na aibu yake. Kumi na mmoja walipita mkononi mwake, kumi na mmoja wakakauka. Aliwajua kwa majina, hata wale waliokwisha kuoa. Wanapita zao kwenda msikitini na ndevu zao, yeye yuko barazani anawaonyesha wageni, "Yule pale nimemkausha mimi." Hana haya yule bibi!

Dawa yenyewe haikuwa siri. Ikishaadhiniwa alasiri, mtoto hanywi tena hata tone. Mtungi unafunikwa, kata ya kuchotea inaondoshwa. Usiku anaamshwa mara mbili na kutolewa uwani, atake asitake. Na asubuhi akikutwa kalowesha, mkeka wake anajitwika mwenyewe, anauzungusha mtaa mzima kabla ya kuuanika, na wenziwe wako nyuma wanapiga makofi na kumzomea. Basi, ndiyo matibabu hayo. Wengi wao wangekauka wenyewe kwa kukua tu, bila ya Bi Masika wala kuku wake, lakini nenda kamwambie hayo mtu aliyekwisha kusifiwa.

Na hakuwa mjinga, tusimsingizie. Alikuwa na swali lake la kwanza, kila mama alimuuliza: "Mwana yuno amewahi kukauka, au tangu kuzaliwa ndiyo hivi?" Akiambiwa tangu kuzaliwa, hana wasiwasi. Usingizi mzito huo, au babake alikuwa vivyo hivyo, atakoma. Lakini aliyekuwa mkavu miaka kisha akarejea kulowesha, huyo alimtazama mara mbili, maana huyo ana jambo. Katishwa, au kapigwa, au mwilini mwake mna kitu. Swali zuri kabisa, hata daktari angeliuliza. Siku alipotakiwa ajiulize mwenyewe, alilipita mbio.

Mwanapili alikuwa mjukuu wake, binti wa mwanawe Shaame. Shaame alimwacha mkewe Mwatum mwaka wa hamsini na nane. Mwatum akaolewa Kojani, ng'ambo ya maji, na mtoto akabaki Kiuyu kwa bibi yake, kwa sababu watu wa upande wa baba walisema mtoto ni wao. Miaka tisa alikuwa nayo, mwepesi, mcheshi, sauti yake ya kusoma juzuu inasikika nyumba ya tatu. Na mkavu! Tangu hajatimiza miaka miwili mkeka wake haujanuka mkojo. Bi Masika alikuwa akiwaambia kina mama wanaolia kwake, "Tazameni damu yangu hii, mimi sikumfundisha."

Mwaka uliofuata, msimu wa karafuu umeshika, majamvi yamejaa kila uwanja, Bi Masika akaingia chumbani asubuhi moja akakanyaga maji.

Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili aliuosha mkeka kabla hakujakucha, akauanika ndani, nyuma ya mlango, watu wasiuone. Yeye, Bi Masika! Siku ya tatu Mwanapili alikojoa mara mbili usiku mmoja, na mkojo mwingi ajabu, kama wa mtu mzima. Hapo jirani yake Mwanakhamis, mwanamke asiyepitwa na kitu, akachungulia uwani akasema, "Eh, Bi Masika, leo unamtibu nani?"

"Wangu," akasema Bi Masika. Ilimtoka kwa taabu.

"Mwanapili? Si alikuwa mkavu huyu?"

"Anamlilia mamake. Yule Mwatum kaenda zake kula raha Kojani, mtoto kaniachia mie. Nitamkomesha, wewe nitazame tu."

Na kusema kweli, hilo la mama lilikuwa na maana; watoto wengi hulowesha kwa majonzi. Lakini Mwatum alikuwa keshaondoka mwaka mzima, na mwaka mzima huo mtoto alilala mkavu. Bi Masika aliliona hilo. Liliwahi kumpitia kichwani akiwa anapepeta mchele, akatikisa ungo kwa nguvu zaidi na likapita.

Kilichomchoma zaidi ni maji. Mwanapili alikuwa anakunywa, jamani, anakunywa. Kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, anasimama kuvuta pumzi, anarudi mtungini. Akiamka usiku kukojoa, anakunywa tena. Bi Masika akaona amekwisha kulijua tatizo: mtoto akinywa mtungi mzima, atakosaje kukojoa? Haikumjia hata kidogo kwamba jambo lenyewe laweza kuwa kinyume, kwamba mkojo ndio unaomaliza maji na mtoto anayatafuta ayarudishe. Angejuaje? Kwa miaka ishirini maji yalikuwa ndiyo adui yake.

Basi mtungi ukafunikwa. Alasiri ikiadhiniwa, kata inakwenda chumbani kwa Bi Masika, chini ya mto.

Mwanapili hakulalamika sana mwanzo, alikuwa mtoto mwenye adabu. "Bibi, nina kiu." "Vumilia." "Bibi, mdomo umenata." "Funga mdomo, utaacha kunata." Na asubuhi mkeka uko vile vile, chapachapa. Akajitwika. Akauzungusha mtaa, wenziwe nyuma na makofi yao, hata wale aliowahi kuwacheka yeye mwenyewe. Alirudi nyumbani hakulia, akaenda kukaa nyuma ya jiko.

Akaanza kukonda. Anakula muhogo sahani mbili na bado anatazama chungu, lakini mifupa ya mabega imetokeza na kanga haikai. Bi Masika akasema ni fedheha inamla, na fedheha ndiyo dawa, ikizidi atakoma. Siku moja alikwenda kuuanua mkeka akakuta sisimizi. Si mmoja, si wawili. Msafara mzima umetoka ukutani, umepita uwanjani, umejazana pale pale penye alama ya mkojo. Akasimama akawatazama. Katika wote kumi na mmoja hakuwahi kuona sisimizi wakiulilia mkojo.

"Mwanapili! Njoo kuno!"

Mtoto akaja.

"Umekula sukari kitandani?"

"Hapana, bibi."

"Sisimizi hawa wamefuata nini? Wamekuja kukusalimia?"

"Wallahi bibi, sijala."

"Usimwapie Mungu uongo!"

Akaenda ndani akalishusha kopo la sukari, akalifungua. Sukari ilikuwa kama alivyoiacha, na alama ya kijiko chake juu yake. Haikuguswa. Mtu mwingine angekaa kitako akafikiri. Bi Masika alilifunga kopo, akasema, "Basi umeiba dukani," akachukua ufito. Alimpiga miguuni, fimbo saba, na mwana yule akawa anaapa kwa kila fimbo kwamba hajala. Mjukuu alikuwa mwepesi mno alipomshika, amemwinua kwa mkono mmoja kama anainua pakacha tupu.

Jioni hiyo Shaame alirudi kutoka shambani kuchuma karafuu, akamwona binti yake. Shaame hakuwa mtu wa maneno, na kwa mama yake alikuwa hana maneno kabisa. Lakini siku hiyo alisema, "Mama, mtoto hayuko sawa. Kesho kutwa lori la karafuu linakwenda mjini Chake. Nimpakie, akaonwe hospitali."

"Aonwe nini? Aambiwe anakojoa?"

"Kakonda, mama."

"Shaame, sikiliza mwanangu. Watoto wa watu nimewakausha mimi, hapa hapa, kwa mikono yangu hii. Leo wangu nimpandishe lori, Kiuyu nzima inatazama, wanasema Bi Masika kashindwa na wa kwake? Sura yangu nitaiweka wapi? Nipe siku saba. Ikifika ya saba hajakauka, mpeleke hata Unguja."

Shaame akamtazama binti yake, akamtazama mama yake. "Haya mama," akasema. Ndiyo yakaishia hapo, na lori la kesho kutwa likaondoka na magunia yake; jengine mpaka siku ya saba.

Siku saba hizo Bi Masika alizishika kama mtu aliyeshika nadhiri. Maji hakungoja tena alasiri, aliyakata tangu adhuhuri. Siku ya pili alimkuta Mwanapili uwani kachutama, kopo la kutawadhia mdomoni. Alimpokonya. Siku ya tatu alimkuta kapiga magoti mbele ya kigae cha kuku, anayanywa maji ya kuku na manyoya yanaelea. Bi Masika alipiga kelele mpaka Mwanakhamis akaja.

"Lakini Bi Masika," akasema Mwanakhamis alipokiona kile kigae, "kiu gani hii? Mpe basi kidogo. Au msikilize Shaame, mpeleke kwa daktari."

"Ukimpa wewe, umlaze kwako ufue mikeka wewe."

Mwanakhamis alikuwa na wawili wake waliokaushwa na Bi Masika, na hakutaka ugomvi. Akamwaga maji ya kuku chini, akaondoka.

Siku ya tano mtoto alitapika muhogo wote. Siku hiyo hakuupeleka mkeka mbali. Alifika kona ya kwanza akakaa chini na mkeka wake kichwani, na wenziwe waliokuwa nyuma wakaacha makofi, kwa sababu hakukuwa na raha tena. Pumzi yake ilianza kunuka tamu, kama ndizi zilizopitiliza kuiva. Bi Masika alisema ameiba na ndizi. Alisema kwa sauti ndogo, wala hakutafuta ufito.

Usiku wa kuamkia siku ya saba Mwanapili aliita mara moja tu kutoka chumba cha pili. "Bibi. Nipe hata ya kulowesha ulimi."

Bi Masika alikuwa macho. Aliinuka nusu, mkono ukaenda chini ya mto, ukaishika kata. Moyo ulimwambia mpe. Wallahi ulimwambia. Kisha akakumbuka kesho ndiyo siku ya saba, na kwamba akimpa, kesho mkeka utalowa na Shaame atasema nilikwambia, na lori litaondoka asubuhi mbele ya macho ya watu. "Lala, mama," akasema. "Kukicha nitakupa." Mtoto hakuita tena.

Kulipokucha alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka. Hakumtazama mtoto, alitazama mkeka. Akaupapasa kichwani, akaupapasa katikati, akapeleka mkono chini ya mapaja ya mjukuu wake, akageuza kiganja akakinusa. Mkavu. Mkavu mkavu! Bi Masika alitoka uwani akapiga kigelegele ambacho kilisikika mpaka kwenye mabanda ya karafuu. Akapiga cha pili. Wanawake wakatoka, mmoja na mwiko mkononi, Mwanakhamis mbele yao. "Kakauka?" "Kakauka!" "Wa kumi na mbili huyo!" Wakavipokea vigelegele, wakamkumbatia, mmoja akamfunga kanga kiunoni acheze. Na akacheza. Mungu amsamehe, alizunguka uwanja mara mbili na mikono juu.

Mwanakhamis ndiye aliyesema, "Yuko wapi mwenyewe nimbusu?" Akaingia ndani. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea alipotoka, na uso wake umebadilika.

Mwanapili alikuwa amelala chali, macho nusu wazi. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyetoka kukimbizwa. Midomo imepasuka. Walimwita, hakuitika. Walimtikisa, hakuamka. Chumba kizima kilinuka zile ndizi. Mkeka ulikuwa mkavu kwa sababu mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha maji.

Shaame alimbeba begani mpaka barabarani na lile lori likawapeleka Chake, yeye nyuma juu ya magunia, Bi Masika mbele na mtoto mapajani. Njia nzima Bi Masika alikuwa anamtilia maji mdomoni kwa kitambaa, na maji yanatoka pembeni.

Daktari alikuwa Mhindi, na Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu. Aliinama akainusa pumzi ya mtoto, akawapigia wenziwe ukelele wa sindano na maji ya mshipani, kisha ndipo akamgeukia Bi Masika, peke yake, maana Shaame walimtoa nje.

"Alikuwa anakojoa sana?"

"Sana."

"Anakunywa sana? Anakula sana na anakonda?"

"Ndiyo."

"Na zamani alikuwa mkavu?"

Bi Masika akasema ndiyo, na hapo akashika ukuta.

"Maradhi ya sukari haya, bibi. Mtoto akikauka miaka, kisha akaanza tena kulowesha na kuona kiu, si utundu wala majonzi peke yake, aletwe upesi. Sukari inatoka kwa mkojo, na mkojo unachukua maji yote ya mwili. Ile kiu ndiyo iliyokuwa ikimsaidia. Maji mlimpa?"

"Kidogo," akasema Bi Masika. Kisha akasema, "Angeletwa wiki iliyopita?"

Daktari alikuwa na haraka na hakujua anaongea na nani, akajibu kama ilivyo. "Ningemchoma sindano. Angechomwa kila siku maisha yake, lakini angekuwepo."

Walimhangaikia mpaka alasiri. Adhana ilipokuwa inaadhiniwa mjini, Mwanapili alikata roho. Shaame akamuuliza mama yake pale barazani, "Daktari kasemaje?" Bi Masika akasema, "Homa. Ilimpanda kichwani." Shaame akaamini, au akaona bora aamini.

Mwatum alifika Kiuyu kesho yake, mtoto amekwisha kuzikwa. Aliyepelekwa kumwita Kojani alichelewa kupata chombo cha kumvusha. Aliingia nyumba iliyojaa wanawake, akaenda kukaa mbele ya Bi Masika aliyekuwa mkwewe, akamshika mkono. Alikuwa amelia njia nzima na sasa hana tena machozi. Alikuwa na jambo moja tu la kuuliza, lile ambalo kila mama huliuliza, maana anayekata roho hutiliwa maji mdomoni asiondoke na kiu.

"Mama," akasema, "mwanangu mlimtilia maji?"

Mwanakhamis akawahi kujibu. "Swali gani hilo, Mwatum! Asitiliwe, na bibi yake yuko hapo? Alikuwa mikononi mwake mpaka mwisho. Na jengine nikwambie upoe moyo: lile tatizo lilikuwa limekwisha. Siku ile ile alikuwa kakauka. Kaenda msafi mwanao."

"Alhamdulillahi," wakasema wanawake.

Mwatum akauinua mkono wa Bi Masika akaubusu. "Ahsante, mama," akasema. "Mungu akulipe."

Bi Masika angeweza kunyamaza. Watu wote walikuwa wamemsaidia anyamaze. "Nilimnyima," akasema.

"Ulimnyima nini, mama?"

"Maji. Siku zote hizo. Aliniomba usiku wa mwisho, na kata ilikuwa chini ya mto wangu."

Kukazuka minong'ono. "Astaghfirullahi, msimsikilize, uchungu huo." "Kapotewa, maskini, mjukuu mmoja." Mwanakhamis akamfunika mabega kwa kanga, akasema kwa nguvu, "Maji ya alasiri tu, Mwatum, dawa yake ya siku zote, hata wangu walinyimwa. Nao hawa hapa." Lakini Mwatum alikuwa anamtazama Bi Masika machoni na hakumsikia mwingine.

"Aliomba mara ngapi?"

"Mwanangu, sikuzihesabu."

Mwatum akautoa mkono wake taratibu. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Hakungoja hitima. Shaame alimfuata mpaka njiani akimwita, na hakugeuka, na tangu siku hiyo hajakanyaga Kiuyu mpaka leo.

Baada ya hapo mtu angedhani yamekwisha, kwamba watu watamkimbia Bi Masika, na pengine mwenyewe alikuwa anaomba wamkimbie. Wapi! Maneno yake waliyaita maneno ya msiba. Kilichotembea mdomo kwa mdomo, kutoka kisima hiki mpaka kile, ni vigelegele vya asubuhi ile. Haujapita mwezi, hodi ikapigwa. Mwanamke mgeni, ametoka mbali kwa miguu, kuku mkononi, na nyuma yake mtoto wa kike wa miaka saba hivi, kidevu kifuani.

"Pole na msiba, Bi Masika. Tumesikia hata yule wako alikauka kabla hajafa."

Bi Masika akamtazama mtoto, midomo yake, mabega yake. "Amewahi kukauka yuno?" akauliza. "Amekunywa maji leo?"

"Hata tone!" akasema yule mama, kwa furaha, kama mwanafunzi aliyeijua hesabu kabla ya kuulizwa. "Tangu jana alasiri. Nilijua utaniuliza, nikaanza mwenyewe."